Kosa namba 80, na fundi aliyetaka kufomati seva yetu: uzoefu wangu

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nasimamia maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Tanga. Akaunti zote za wanafunzi na walimu, zaidi ya 900, ziko kwenye seva moja ya Ubuntu (aina ya Linux) inayoendesha OpenLDAP, programu ya saraka inayotunza majina na nywila za watumiaji. Saraka hiyo ikigoma, hakuna anayeingia kwenye kompyuta, wala Wi-Fi, wala mfumo wa matokeo. Chuo kina mkataba na kampuni moja ya mjini ya kutunza seva. Wanalipwa kila mwaka, wameitwa hawakuitwa.

Cheti cha usalama cha saraka, kile kinachoithibitisha seva kwa kompyuta nyingine, kilikuwa kimeisha muda. Nikaweka kipya pamoja na ufunguo wake wa siri kwenye /srv/vyeti, nikaandika faili la LDIF, yaani la maagizo ya mabadiliko, nikalipeleka kwa ldapmodify, amri ya kubadilisha saraka. Nikajibiwa kosa namba 80. Ukilitafsiri ni "kosa jingine". Jingine lipi? Halisemi. Nikajaribu mara nne, nikabadilisha ruhusa za mafaili, nikahakikisha ufunguo na cheti vinalingana. 80. Programu hii ipo tangu 1998, imetokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Michigan, na bado inashindwa kumwambia mtu "nimeshindwa kusoma faili fulani"? Siku ile ningeulizwa, ningesema isiwekwe popote pale.

Kwa kuwa ilikuwa wiki ya usajili, sikutaka kubahatisha. Nikapiga amri ya slapcat -n 0 kuhifadhi usanidi (mipangilio) wote, halafu nikawapigia wale wa mkataba. Walifika haraka, hilo nawapa.

Fundi aliyekuja hakuniuliza hata swali moja. Nilipoanza kumweleza nilichokwisha kujaribu alinikatisha: "Dada, wewe endelea na wanafunzi wako wa Word, hii ni kazi ya watu wa seva." Makamu mkuu wa chuo amesimama pale pale, wanafunzi wanasikia mlangoni. Mimi seva ile niliisimika kwa mikono yangu.

Nikanyamaza nimtazame. Akaingia /etc/ldap/slapd.d, akafungua cn=config.ldif kwa kihariri cha kawaida, akabandika njia ya cheti kipya kwa mkono. Mstari wa kwanza kabisa wa faili lile umeonya kwa herufi kubwa kwamba limetengenezwa na mfumo lisihaririwe, na ukataja chombo cha kutumia, ldapmodify. Nikamwambia, "Kaka, hilo haliguswi hivyo." Hakugeuka. Akahifadhi, akazima huduma, akawasha.

Haikuwaka. Kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) ukatokea mstari wa "TLS init def ctx failed", yaani imeshindwa kuandaa ulinzi wa mawasiliano, na slapd, ile huduma yenyewe ya OpenLDAP, ikafa pale pale. Kabla hajaja tulikuwa na saraka yenye cheti kilichoisha muda. Tarakilishi nyingi zililalamika lakini saraka yenyewe ilikuwa hai. Sasa hatukuwa na kitu. Akahangaika karibu saa nzima, akawasha na kuzima, kisha akamgeukia makamu, si mimi: "Bosi, database imekufa hii. Inabidi tufomati tuanze upya."

Akaunti 900, wiki ya usajili! Na database haikuwa imeguswa hata kidogo. Kilichoharibika ni usanidi, na yeye ndiye aliyeuharibu. Nikamwomba makamu anipe hadi asubuhi. Fundi akakusanya nyaya zake akaondoka bila hata kuaga.

Nilipokaa kwenye kibodi isha ilikuwa imeshaadhiniwa. Nilifanya jambo ambalo mtu wa seva alipaswa kulifanya dakika ya kwanza: nikasoma logi za kernel, kiini cha mfumo, kwa amri ya journalctl -k. Jibu lilikuwa pale, limeandikwa waziwazi. AppArmor, neno DENIED (imekataliwa), jina la slapd, na njia kamili ya ufunguo wangu ndani ya /srv/vyeti. Kwenye Ubuntu, slapd inalindwa na AppArmor, nayo inairuhusu kusoma sehemu maalumu tu. /srv haimo. Ungelipa faili ruhusa zote za dunia, bado lisingesomeka.

Kuanzia hapo mambo yalinyooka. Nilihamisha folda iliyoharibiwa pembeni, nikaunda nyingine tupu, nikarudisha usanidi wangu kwa slapadd -n 0. Hapa pana mtego: ukiendesha slapadd kama root, msimamizi mkuu wa mfumo, mafaili yanakuwa ya root na slapd haitawaka, kwa sababu yenyewe inatumia mtumiaji aitwaye openldap. Nikapiga chown -R openldap:openldap kumkabidhi mafaili, ikawaka na cheti cha zamani. Kisha cheti na ufunguo nikavipeleka /etc/ldap/tls, kundi openldap, ufunguo ruhusa 640, na nikabadilisha olcTLSCertificateFile na olcTLSCertificateKeyFile, sehemu zinazotaja cheti na ufunguo, kwa pamoja, ndani ya badiliko moja. Ukibadilisha kimoja kimoja, cheti kipya kinakutana na ufunguo wa zamani, na unarudishiwa 80 ileile. Safari hii ilipokea. Nilikaa nikiitazama ile skrini nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Kuhusu OpenLDAP basi, niliyosema juu nayapunguza. Namba 80 haikuitunga yenyewe. Imo kwenye itifaki ya LDAP, yaani kanuni za mawasiliano ya saraka, katika hati ya RFC 4511. Na kilichozuia kilikuwa ulinzi unaofanya kazi yake. Data haikupotea hata mstari mmoja. Ningeisimika tena kesho. Lakini hapana, 80 bado ni jibu la kumfedhehesha mtu mbele ya wakubwa wake, na hilo siliondoi.

Kwa kampuni nilikuwa nimekusudia nyota mbili, kwa kuwahi kufika. Kisha juzi nikaletewa ankara yao ili nithibitishe kazi: "kurekebisha seva ya saraka", saa tatu za fundi. Kurekebisha! Hizo nyota mbili nazifuta. Ankara nimeirudisha kwa makamu bila saini yangu, nikaibana pamoja na logi za usiku ule na nakala ya faili alilolihariri kwa mkono.