Methadoni Muhimbili: dawa ni bure, nauli je?

Kliniki hii ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2011, hutoa bila malipo methadoni, dawa ya maji ya kutibu uraibu wa heroini (unga). Kijana anakunywa dozi mbele ya mhudumu, kisha anaongeleshwa kidogo kuhakikisha amemeza. Kwa kawaida methadoni huanza na miligramu 15 hadi 30, ikipandishwa polepole. Kuharakisha ni hatari, maana hujikusanya mwilini. Hapo hatuna lawama. Shida iko njiani: kuja kila siku kunakula nauli ya daladala na saa za kibarua. Akikosa siku kadhaa, arosto, yaani mateso ya mwili kwa kukosa unga, inarudi, na dozi inabidi ishushwe kwanza. Mabinti, ambao ni wachache pale, wanabanwa zaidi: aibu ya kuitwa teja, mtoto mgongoni, mwenzi anayevuta unga nyumbani.