Kununua Seva za AWS Zinazoongezeka Zenyewe: Ipi Itangulie?

Huduma ya Auto Scaling ya AWS (kampuni ya Amazon inayokodisha kompyuta kupitia mtandao), inayoongeza na kupunguza seva za EC2, yaani seva za kukodi za AWS, kulingana na mzigo, haina ada yake yenyewe; mteja hulipia seva zilizowashwa, na kwa hiyo namna anavyozinunua ndiyo inayoamua ukubwa wa ankara.

Nafasi ya kwanza naipa Savings Plans, hasa aina ya Compute, ambayo punguzo lake linaweza kufika asilimia 66 na linabaki hata mteja akibadili aina ya seva. Anaahidi kutumia kiasi fulani cha dola kila saa kwa mwaka 1 au miaka 3, na kiasi hicho hulipwa hata kisipotumika, wala salio la saa moja halihamishiwi saa inayofuata. Ndiyo maana ni hatari kuahidi kwa kutazama wastani wa mwezi. Duka la mtandaoni linalohitaji seva 2 usiku na 10 jioni linaweza kuwa na wastani wa seva 5, lakini likiahidi 5 litalipia 3 zisizo na kazi kila usiku. Pima kila seva peke yake: punguzo likiwa asilimia 30, seva inayofanya kazi chini ya asilimia 70 ya saa zote ni nafuu kuilipia bei ya kawaida isiyo na ahadi, iitwayo On-Demand. Kwa anayepata mapato yake kwa shilingi, ahadi ya dola ya miaka 3 ni ndefu mno. Mwaka 1 unatosha.

Ya pili ni Spot, yaani seva za AWS ambazo kwa wakati huo hazina mtumiaji, yenye punguzo linaloweza kufika asilimia 90, ila AWS huweza kuichukua seva kwa onyo la dakika 2. Inafaa kazi zinazoweza kukatizwa na kuanzwa upya, kama kuchakata video, na haifai kabisa kwa hifadhidata.

Ya tatu, On-Demand, ni ghali lakini ndiyo ya kubeba mzigo wa ghafla, kwani tangu Oktoba 2017 seva zenye mfumo endeshi wa Linux hulipiwa kwa sekunde, kwa kima cha chini cha sekunde 60.

Reserved Instances za miaka 3, yaani punguzo kwa anayeahidi aina maalumu ya seva, naziweka mwisho, kwa kuwa zinambana mteja kuliko Savings Plans.

Kabla ya kununua yoyote, weka kikomo cha idadi ya seva, kwa sababu shambulio la mtandaoni huziongeza sawasawa na wateja halisi.