Masitiki ya mufuko ku ukuta wa tiroliyeni: uzoefu wangu hapa Goma

Bandugu wa Goma, kama nyumba yenu iko na tiroliyeni (ile simenti ya kurusha ku ukuta yenye inaacha vinundu) mpaka ndani, someni hii mbele ya kutoa makuta. Mimi niko Himbi, na mwenye alijenga hii nyumba alirusha tiroliyeni saloni, korido, vyumba vyote, ukiugusa ukuta uko kama ulimi wa ng'ombe wa Masisi. Inje sina shida nayo, inaficha kazi mubaya ya masoni na hakuna mutu anaegemea kule. Lakini ndani! Vumbi nyeusi ya barabara na moshi wa makala vinakaa juu ya kila kanundu, ukipangusa kitambaa kinachanika, na batoto banachubuka viwiko kila siku.

Ili kuta zikuwe laini, nikaenda ku kenkayeri (duka ya vifaa vya kujenga) Birere, nikachukua masitiki (ile ya kupaka ku ukuta mbele ya rangi) ya unga, ile ya mufuko wa kilo 25 ya kukoroga na maji, hapana ile ya ndoo yenye iko tayari. Ya ndoo iko laini kweli na haikauki mbio mu mukono ya fundi, lakini ni bei, tena unalipa mpaka maji yenye bameshachanganya. Kwa ukuta wenye ulikrepiwa (ulipigwa simenti laini) muzuri, sawa, ndoo iende. Kwa tiroliyeni hapana.

Hesabu iko hivi: masitiki ya unga inakula karibu kilo 1 mpaka 1.5 kwa metre kare moja, kwa kila milimeta 1 ya unene. Vishimo vya katikati ya vinundu vyetu viko na milimeta 3 ao 4. Ukuta wa metre 4 kwa 2.80 ni metre kare 11 na kidogo, kwa hiyo hata ukisema nusu ya ile unene imeshajaa vinundu, mufuko muzima unaisha ku ukuta moja tu, na bado haujapitisha mukono wa mwisho (kupaka kwa mwisho)! Fundi wangu aliniambia toka mwanzo, «Mama, masitiki haiko ya kujaza mashimo, iko ya kumalizia.» Mimi nikataka kuona na macho, tukapatana ukuta moja wa saloni ufanywe na masitiki tupu, zingine afanye vile yeye anajua.

Ule wa masitiki tupu, mukono wa kwanza ulikuwa munene na ulipokauka ukapasuka nyufa nyembamba pote, juu masitiki ikikauka inajikaza. Ilibidi kurudilia, na leo bado taa ikiwaka unaona mawimbi. Zingine alianza kukwangua ncha za tiroliyeni na truweli (mwiko wa fundi), akapiga brosi, akaosha vumbi, akalowesha ukuta, kisha akapitisha simenti nyembamba na muchanga wa kuchekecha, juu huu muchanga wetu mweusi wa volkano usipouchekecha utaacha mistari ukipitisha taloshi (kibao cha kulainisha simenti). Akaacha ikomae siku kadhaa. Kisha masitiki mikono miwili, myembamba, kila moja ikauke kabisa. Hizo njo kuta zenye bageni banauliza nani alifanya.

Kukauka hapa kwetu usiamini masaa yenye iko juu ya mufuko. Goma iko karibu metre 1500 juu, na mu mvua ya Septemba mpaka Desemba baridi na unyevu haviachi ukuta. Ukiponse (ukisugua) mbio, papiye emeri inajaa masitiki yenye haijakauka, unatupa. Ngojea mpaka rangi ya masitiki ikuwe moja pote bila madoa ya giza. Papiye namba 120 kwanza, kisha 180, na kazi yenyewe fanya usiku na tochi ukiilaza pembeni ya ukuta, kila kosa litajionyesha. Vumbi yake ni ya hatari, vaa kashene (ya kufunika pua na kinywa) ya kweli, toa viti na matandiko yote inje, na kama kuko mutoto wa asma alale kwa shangazi.

Nyufa zile zilitupata kisha volkano ya Mei 2021, na ile mitetemeko yote, masitiki peke yake haiziponyeshi. Fundi alizifungua kidogo na truweli, akajaza, akaweka bande (utepe wa kufunika ufa) juu. Moja karibu na dirisha imesharudi, na siilaumu masitiki, ule ukuta bado unatembea.

Dushi tuliiacha. Masitiki ya ndani haipendi maji, itavimba na kuanguka, kule ni simenti ao kareli (vigae).

Rangi tulipitisha lateksi ya kuongeza maji kwanza ili ukuta unywe, kisha lateksi mate mara mbili. Ya kung'aa hapana, inaonyesha kila kosa.

Mufuko mimi nauona muzuri kwa bei yake, nitaununua tena kwa vyumba, lakini simenti kwanza. Na fundi mulipe kwa metre kare, ila nusu ingojee mpaka umepitisha tochi.