Programu ya kusafisha picha za zamani: nyota tatu, tena za huruma

Nimeitumia wiki tatu hivi kwa boksi la picha za bibi, hakuna hata moja yenye jina nyuma, na niseme tu ukweli kuskani iko poa. Weka dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) ndo utaona, kuna picha niliidharau kabisa nikaivuta nikakuta kwenye ule ukingo mweupe pamechapwa kidoogo AUG 62, ila huo ni mwezi picha ilipotolewa kwenye filamu sio lazima ilipopigwa, filamu ilikuwa inaweza kulala ndani ya kamera miezi.

Shida ni kile kitufe cha kuboresha sura. Jamani! Kimempa bibi meno ambayo hakuwa nayo, kovu la shavuni likafutika, na hilo kovu ndo shangazi anamtambulia. Rangi nazo inabahatisha, gauni shangazi anasema lilikuwa kijani limetoka bluu. Afu inataka mbele tu wakati mhuri wa studio uko nyuma, ikabidi niskani nyuma kivyake kama picha nyingine.

Kitufe nimekizima. Majina naandika mwenyewe nyuma kwa penseli laini, wino hapana.