Saa ya chumba cha redio melini, hii sasa rangi zimekaa sawa

Nimekaa nayo miezi miwili, saa ya ukutani ya mtindo wa zile za chumba cha redio, fremu ya shaba, betri moja tu, elfu nane na mia tano mpaka mlangoni Mombasa. Kabla ya hii nilinunua nyingine kwa muuzaji wa mtandaoni, kufungua boksi nakuta nyekundu juu na chini, kijani pembeni, yani wamegeuza kila kitu, nikairudisha siku hiyohiyo. Zile rangi si mapambo jamani.

Marehemu babangu alikuwa redio ofisa melini, yeye ndo alinifunza kuisoma. Nyekundu ni dakika ya 15 hadi 18 na 45 hadi 48, hapo zamani meli zote kwenye masafa ya kilohezi 500 zilikuwa zinaacha kutuma Morse, zile alama za mlio mfupi na mrefu, kimya dakika tatu, watu wanasikiliza tu ili yule anaezama huko mbali na betri yake inakata asikike. Kijani ni 00 hadi 03 na 30 hadi 33, hicho kilikuwa kimya cha redio ya kuongea kwa mdomo, masafa ya kilohezi 2182.

Halafu kuna vistari vyekundu 12 kuzunguka ukingo, wengi hawavijui. Kila kimoja sekunde 4, nafasi sekunde 1. Mwenye shida alikuwa anabonyeza kitufe cha Morse akifuata mshale wa sekunde, dakika nzima, na kule meli nyingine kengele inalia yenyewe hata kama mtu wa redio kalala. Usiku wa Titanic, Aprili 1912, meli nyingine, Californian, ilikuwa karibu na mtu wake wa redio keshapanda kitandani, hakukuwa na cha kumwamsha.

Sasa hapo ndo nimekata nyota moja: mshale wa sekunde wa hii saa hauangukii mwanzo wa kistari, unapitiliza kidogo, ukiutazama kwa karibu unaona. Tangu Februari 1999 kazi hiyo imechukuliwa na mitambo ya GMDSS, mfumo wa kimataifa wa kuomba msaada baharini kwa redio na setilaiti, hakuna atakaeitumia kuita msaada, ila bado inaniuma. Na skrubu za nyuma zimeanza kutu, badilisha mapema kama unakaa pwani.

Nimeiweka kwa saa ya Greenwich kama zilivyokuwa melini. Mama kila akija ananiuliza mbona iko nyuma masaa matatu, namwambia tazama dakika mama, rangi ziko palepale alipokuwa akizisoma baba.