n8n (programu ya kuunganisha apu zipeane data zenyewe) miezi minane sasa: Till, stoki na vitabu vya duka vimeanza kuongea

Mimi si divelopa jamani, ni mhasibu tu wa duka la spea Mombasa, so msinirukie. Shida yetu ilikuwa pesa inaingia kwa Till (namba ya duka ya kulipia M-Pesa), stoki iko mfumo mwingine, vitabu viko QuickBooks, na kila jioni kuna mtu ameketi anakopi namba za risiti mpaka saa mbili usiku.

Tulianza na jukwaa moja la klaudi sitalitaja, kutumia ni tamu, unaburuta vitu tu vinashikana, lakini linahesabu kila hatua. Asa piga hesabu: malipo 300 kwa siku, kila moja hatua 4, hizo ni 1,200, kwa mwezi 36,000. Bili ilipokuja bosi aliniita ofisini na mlango akafunga. n8n yenyewe inahesabu mzunguko mzima, toka malipo yaingie mpaka yaandikwe, kama mmoja hata uwe na hatua 20, yaani 300 zangu zinabaki 300, na ukiiweka kwa seva yako ukitumia Docker (chombo cha kuendesha programu kwa seva), toleo lake la bure halina kikomo cha mizunguko. Kwa hivyo mtu akikuringia ati wanaunganisha maelfu ya apu, wewe una apu nne, muulize wanahesabu nini.

M-Pesa nilitumia webhuku, yaani kila malipo yakiingia M-Pesa yenyewe inatuma taarifa kwa URL yako. Unasajili URL mbili kule Daraja (tovuti ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), moja ya kuhakiki malipo na moja ya kuthibitisha, lazima ziwe https, na usiweke neno mpesa ndani ya URL, maelekezo yanasema wazi ila mimi nani nisome maelekezo, Jumamosi nzima ikaenda hivyo. Halafu kabla haijaandika chochote QuickBooks ifanye itafute kwanza TransID (namba ya muamala) kama ishaingia, manake siku nilirudia kurun mzunguko uliofeli mauzo yakaingia mara mbili, nikaonekana nimeuza gari zima.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu seva ikilala usiku ni simu yangu inalia, si ya mtu mwingine. Na ile encryption key (ufunguo unaoficha nywila) kwa folda ya .n8n ibakapu kando, ukihama seva bila hiyo nywila zote ulizoseti hazifunguki, unaingiza upya moja moja. Yangu nimeiandika kwa karatasi, iko kwa sefu ya bosi pamoja na logbuku ya pikapu.