Tabo kubwa kwenye injini ya dizeli, nimeifunga mwenyewe nyumbani

Nianze na hili, kama unanunua tabo kubwa (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa kwenye injini) ukitegemea gari ipae siku hiyohiyo utasema umepigwa, mana tabo inaleta hewa tu, nguvu inatoka kwenye dizeli, pampu ya dizeli isipoguswa gari inabaki ileile na kwenye mizunguko ya chini inakuwa nzito zaidi.

Tabo yenyewe sina neno. Nilishika shafti nikaitingisha, mbele nyuma imekaza, pembeni inacheza kidogo sana na hivo ndo inavotakiwa. Ila klempu za hosi zilizokuja nayo ni takataka, tupa nunua zingine. Boliti za manifodi (bomba la ekzosi linaloshika tabo) nilizilowesha dawa ya kutu usiku kucha, bado moja ilinisumbua mpaka nikaipasha moto.

Alafu jamani OILI. Kabla ya kuwasha jaza oili kwenye tundu la oili pale juu ya tabo, zungusha feni ya tabo kwa kidole, kata dizeli upige stata bila injini kuwaka mpaka oili ianze kushuka kwenye paipu ya kurudi. Hicho kidude kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kikikosa oili sekunde chache tu bushi kwisha.

Kazi hasa ni kuseti. Yangu ni pampu ya zamani isiyo na kompyuta, kwahiyo unalegeza nati ya skrubu ya dizeli nyuma ya pampu, unaingiza kidogo sana, hata robo mzunguko ni nyingi, unapanda mlima na mzigo huku macho yako kwenye geji. Na geji ni mbili, ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) na ya joto la ekzosi, bila hiyo ya joto usiguse hiyo skrubu, nakwambia. Busti ilikuwa bar 0.7 sasa inafika 1.1, joto nilipoona linapita digrii 700 na bado linapanda nikarudisha skrubu nyuma. Kuna watu wanafurahia moshi mweusi eti ndo nguvu, aisee ile ni dizeli inayotoka bila kuungua vizuri na pistoni zinapikwa.

Ukisikia fyuuu ukikanyaga na busti haipandi, angalia mabomba ya intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo), yangu ilikuwa inavuja pale kwenye zile klempu.

Kwa sasa mlima niliokuwa napanda na gia ya 3 napanda na ya 4, chini ya mizunguko 2,000 bado inachelewa kushika. Nyota 4, moja nimekata kwa ajili ya klempu.